Sanaa ya Kupuuza

Ukisema unasoma fizikia chuo kikuu, nyumbani swali ni moja: "Halafu utakuwa nani?" Anayesomea udaktari haulizwi hivyo, wala anayesomea uhasibu. Wa fizikia hubaki akitaja ualimu kwa sauti ndogo. Nadhani anakosa jibu kwa sababu hata walimu wake hawajamwambia anafundishwa nini hasa. Anafundishwa kupuuza.

Tazama mitihani. "Puuza ukinzani wa hewa." "Chukulia kwamba uzi hauna uzito." Mwanafunzi wa sekondari huyaona maneno haya kuwa ni huruma ya mtunga mtihani. Akifika mwaka wa kwanza chuoni hukutana tena na pendulamu, safari hii kwa undani: kipande cha chuma kinaning'inia kwenye uzi wa mita 1, kinakwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, na kanuni inasema muda huo hautegemei uzito wa chuma wala upana wa kubembea. Hilo la pili lina walakini. Linashika ukibembeza kidogo tu. Kivute chuma hadi pembe ya digrii 10, kanuni itakosea kwa asilimia 0.2 hivi, kivute hadi digrii 60, itakosea kwa asilimia 7. Somo lenyewe limo humo. Sote tunapuuza mambo, maana bila hivyo maisha hayaendi. Mwanafizikia hupuuza kwa hesabu: anajua amekosea kiasi gani, na anajua pembe ambayo akiivuka, alichokipuuza kitamuumbua.

Mwenye mazoea hayo haendi sehemu moja. Venki Ramakrishnan alipata shahada ya kwanza ya fizikia Baroda, India, mwaka 1971, akasonga mbele hadi uzamivu katika fizikia hiyohiyo, kisha akarudi darasani kujifunza biolojia. Mwaka 2009 alipata Nobel ya kemia kwa utafiti wa ribosomu. Angela Merkel alisoma fizikia Leipzig, na baadaye akaiongoza Ujerumani miaka 16. Wengine wako kwenye utabiri wa hali ya hewa, kwenye hospitali za saratani wakikokotoa dozi za mionzi, na kwenye mabenki. Hawa wa benki hunitia wasiwasi kidogo. Binadamu ana msuguano mwingi kuliko chuma, na faida ikishaingia nani atauliza habari za pembe?

Ninayempenda zaidi ni Joseph Rotblat, mwanafizikia wa Poland aliyekuwa Los Alamos wakati bomu la atomiki likiundwa. Alikubali kazi ile kwa kuhofia kwamba Ujerumani ingelipata bomu kwanza. Mwishoni mwa 1944 ilipobainika kwamba Wajerumani hawaliundi, alifunga virago. Wenzake wengi walibaki. Baadaye alihudumu London katika fizikia ya tiba, na mwaka 1995 akatunukiwa Nobel ya Amani. Sisemi pendulamu ndiyo iliyompa dhamiri. Ingekuwa hivyo, wenzake wote wangekuwa nayo. Ila aliona kwamba sharti la hesabu limebadilika, akakataa kuendelea na jibu la zamani.

Sasa njoo kwenye maabara zetu. Aliyepita humo anajua maana ya kupika data: mchapuko wa mvutano umetoka 9.6, kitabu kinasema 9.81, basi kalamu inarudi kwenye jedwali na namba zinanyooshwa mpaka zikubali. Kichekesho ni kwamba Dar es Salaam, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, thamani yake ni kama 9.78. Ile 9.81 ni ya London. Mpishi wetu ameipima ardhi ya Uingereza akiwa Dar es Salaam, na alama zote anapewa.

Wahadhiri mnaosahihisha ripoti hizo, alama kamili mpeni aliyeandika 9.6, akaongeza kwamba kipimo chake kinaweza kukosea kwa 0.2, na akaeleza kosa hilo linatoka wapi. Yule wa 9.81 mrudisheni maabara akapime upya.