Pole na Kazi, Pole na Nini?

Tunaandika kutoka Penrith, huku ukingoni mwa mto Nepean, kilomita hamsini na kitu kutoka katikati ya Sydney, chini kabisa ya milima ya Blue Mountains. Safari hii hatuna habari za harusi wala za mpira. Tuna jambo limetukaa rohoni, nalo linaanzia kwenye salamu.

Mswahili akikutana na mwenziwe jioni humwambia "pole na kazi", hata kama hamjui jina. Ipo pole na safari. Ipo pole na jua, ambayo Penrith inaistahili kweli: tarehe 4 Januari 2020 joto lilifika nyuzi 48.9 hapa kwetu. Kila pole ina "na" yake, na baada ya hiyo "na" hutajwa kilichokuchosha. Uchovu kwetu ni kama mshahara, hupewa aliyeutolea jasho. Na huku ugenini wengi wetu tunaupata kwa halali. Tunakesha kwenye nyumba za wazee, tunapanga mizigo maghalani, tunasafisha ofisi kabla hakujapambazuka. Mtu akisema amechoka twajua kwa nini, na tunamheshimu kwa hilo.

Sasa aliyechoka bila kazi, tumpe pole na nini?

Tuna dada yetu mmoja ambaye jina lake tunalihifadhi. Huyu alikuwa nguzo ya shughuli zetu zote. Pilau ya watu mia alikuwa anaisimamia peke yake, na bado usiku huohuo anaingia zamu kazini. Mwaka mmoja akaugua homa ya tezi, akalala wiki tatu. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki. Ukapita mwezi, ikapita miezi sita, ukapita mwaka. Akioga lazima ajilaze. Akija kikaoni saa moja, siku mbili zinazofuata hainuki. Akawa anapotelewa na maneno katikati ya sentensi, yeye ambaye tulikuwa tunamwomba asome risala.

Tuseme ukweli wa tulichokifanya. Mwezi wa kwanza tulipeleka supu. Mwezi wa tatu tulituma salamu. Mwezi wa sita tulikuwa tunasema amejua kustarehe. Tukamtoa kwenye zamu za jikoni bila kumwambia, na kwenye upatu tukamruka. Tumelelewa na "mgaagaa na upwa hali wali mkavu", na mtu asiyegaagaa hatukuwa na mahali pa kumweka isipokuwa kwenye uvivu.

Madaktari nao walimzungusha. Wa kwanza alimpa dakika kumi, akamwambia vipimo vya damu ni safi, kwa hiyo ni mzima. Wa pili alisema ni majonzi ya ukimbizi, ilhali dada yetu hajawahi kuwa mkimbizi, alimfuata mumewe kwa viza ya ndoa. Wa tatu akamwandikia mazoezi, kila wiki aongeze dakika. Alijitahidi wiki tatu. Wiki ya nne hakuweza kunyanyua kikombe.

Hapo ndipo penye alama ya ugonjwa huu, ambao Wamarekani waliupa jina la uchovu sugu mwaka 1988. Nguvu ukizitumia kupita kiasi, hulipi siku hiyo. Unalipa kesho au keshokutwa, tena na riba. Ndiyo maana taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliacha mwaka 2021 kupendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua kwa wagonjwa hawa, baada ya kuwa yameandikwa kama dawa kwa miaka mingi. Wangapi walilazimishwa kutembea katika miaka hiyo, na walipoanguka wakaambiwa hawana nia?

Kutoaminiwa huku si kwetu tu. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free ya London, wafanyakazi karibu 300, wengi wao wauguzi, waliugua kwa mkupuo hata hospitali ikafungwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili wakaandika kwamba ile ilikuwa hofu tu iliyoambukizana, na moja ya hoja zao ni kuwa waliougua wengi walikuwa wanawake. Walisoma mafaili, wagonjwa wenyewe hawakuwapima. Wauguzi wa hospitali kubwa, wenye ujuzi na sare zao, hawakuaminiwa. Sembuse mama wa Kiswahili mwenye Kiingereza cha kuombea kazi?

Basi sikilizeni habari ya Dubbo. Ni mji ulio ng'ambo ya milima yetu hii, mwendo wa saa nne na kitu kwa gari. Watafiti waliwafuatilia watu 253 wa eneo hilo tangu siku za mwanzo za maradhi matatu: homa ya tezi, homa ya virusi vya Ross River inayoenezwa na mbu, na homa ya Q inayotoka kwa mifugo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Baada ya miezi sita, watu 29 walikuwa bado hoi kwa uchovu, na 28 kati yao walitimiza vigezo vya uchovu sugu. Walipotafuta ni nani huangukia humo, hawakuona tabia wala hali ya nafsi aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuugua. Kilichoonyesha ni ukali wa homa yenyewe mwanzoni. Aliyepigwa sana na homa ndiye aliyebaki chini. Sisi tuliokuwa tukisema "moyo wake ni mwepesi" tuliisoma habari hiyo tukanyamaza.

Suala la chakula lilituumiza kwa namna nyingine. Sydney kuna mlo maarufu uliobuniwa na kitengo cha mzio cha hospitali ya Royal Prince Alfred, wa kuondoa vyakula vyenye kemikali za asili kama salisilati, amini na glutamati. Ulitengenezwa kwa watu ambao miili yao haivumilii vyakula fulani. Si tiba ya uchovu sugu, na hakuna mlo uliothibitishwa kuuponya. Lakini baadhi ya wagonjwa huujaribu, na dada yetu aliujaribu akisimamiwa na mtaalamu wa lishe. Orodha ya vinavyokatazwa ni kama ilikusanywa jikoni kwa Mswahili: nyanya, viungo vya pilau, chai, asali, karibu matunda yote. Hubaki wali mweupe, kabichi, viazi vilivyomenywa, nyama mbichi ya siku hiyo, na katika matunda, peasi lililomenywa. Mlo huo hufuatwa wiki chache tu, kisha vyakula hurudishwa kimoja kimoja.

Katika wiki hizo alikuja harusini na bakuli lake la plastiki. Tulichukia. Kwetu anayekataa chakula chako amekukataa wewe, na bibi mmoja alimwambia hivyo mbele za watu. Wakati huohuo kila mtu alikuwa na dawa yake ya kumletea: habasoda, mlonge, asali ya nyuki wadogo. Ajabu yetu ndiyo hii. Ugonjwa hatukuuamini, dawa zetu tuliziamini zote. Mlo ule ulimtuliza tumbo na kichwa. Uchovu haukumtoka.

Aliyemfaa ni daktari wa nne, mama mmoja aliye mbali kidogo na hapa, kwa treni. Alimpangia muda mrefu tangu mwanzo. Alimuuliza alikulia wapi na aliogelea maji gani, akapima kichocho na minyoo wanaoweza kukaa mwilini miaka mingi, akapima tezi ya shingo, madini ya chuma, vitamini D, akauliza na habari za usingizi. Chuma kilikuwa chini, akakitibu, akamwambia asinywe chai pamoja na chakula kwa kuwa huzuia chuma kuingia mwilini. Ikasaidia kiasi. Kisha akasema: "Hiki kilichobaki sina dawa yake. Ila nakuamini. Rudi baada ya wiki nne." Dada yetu anatuambia alilia ndani ya treni mpaka Parramatta. (Mwenye shida ya lugha akumbuke kuomba mkalimani wa simu wa serikali, 131 450. Kiswahili kipo.)

Tulipolijadili jambo hili, mzee wetu mmoja aliuliza swali la haki kabisa: "Tukimwamini kila anayesema amechoka, nani atapika?" Hatutaki kumjibu kijuujuu. Kweli wapo wanaojificha nyuma ya ugonjwa, na uchovu hauna shahidi ila mwenyewe, ambaye ndiye pia mdai. Wahenga walishasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ila sisi msemo huo tunautumia kufunga mazungumzo, kama kwamba kwa kuwa hatujui basi hatudaiwi. Tuonavyo sisi, tupime hasara. Tukimwamini mvivu, tumepoteza sufuria moja la pilau. Tukimkana mgonjwa, tumemwongezea kazi ya kujitetea mtu ambaye kuoga tu kunamlaza. Wala kumwamini hakututaki tuwe madaktari. Kunatutaka tuulize unaweza nini leo, na jibu lake tulipokee bila kukunja uso.

Kwenye upatu tumemrudisha, na hela ya ile zamu tuliyomruka tumemlipa. Jikoni amepewa kazi ya kuandika orodha ya vitu, akiwa kitandani kwake, siku anayoweza.

Mwezi uliopita tulikutana pale Tench Reserve, kando ya mto. Alikuja kwa dakika arobaini, akalala kwenye mkeka chini ya mti, akala wali wake na peasi. Yule mzee aliyeuliza swali alipita akasimama. "Pole, mwanangu," akamwambia. Tukasubiri hiyo "na". Mzee aliitafuta kidogo, akaiacha, akaketi chini pembeni ya mkeka akaanza kumenya peasi la pili.