Aliyezijua Ruwaza Zote 23

Kijana mmoja wa Dar es Salaam, jina lake tuliache, alimaliza shahada ya kompyuta akaajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo. Siku za mwanzo alikaa kimya mikutanoni. Wenzake wakibishana, huyu husema hapo iwekwe Obzeva, yule hujibu kwamba Adapta ingetosha, na wote huendelea kana kwamba jambo limeeleweka. Yeye hakuambulia kitu. Alipouliza pembeni akaambiwa hizo ni ruwaza za usanifu wa programu, yaani njia zilizokwisha kujaribiwa za kupanga msimbo pale tatizo la aina moja linapojirudia. Ajitafutie mwenyewe mahali pa kujifunza, wakamwambia, mtandaoni zimejaa.

Kweli zimejaa, na balaa lilianzia hapo. Alikusanya video za dakika kumi kumi, vitabu vya PDF vilivyopitia mikono ya watu wasiojulikana, na kadi za kukariri kwenye simu. Simu ilipojaa alifuta picha za harusi ya dada yake ili masomo yapate nafasi. Haukupita muda mrefu akawa anazitaja ruwaza zote 23 bila kumeza mate: tano za kuunda vitu, saba za kuviunganisha, kumi na moja za kugawana kazi. Ukimchorea mchoro anakutajia jina, ukimtajia jina anakuchorea. Mkutanoni sasa alikuwa wa kwanza kuzungumza.

Akapewa kazi yake mwenyewe: mfumo wa chama cha wafanyabiashara wa soko moja Temeke. Wanachama wana hisa, akiba na mikopo, karani anaingiza michango, mhasibu anafunga hesabu mwisho wa mwezi. Kazi ya kawaida, ambayo mtu mwenye Java kiasi na subira kiasi angeimaliza kwa msimbo wa kawaida. Kijana aliona uwanja wa kuonyesha alichokihifadhi.

Tawi la chama akalifanya Singletoni, ruwaza inayohakikisha kwamba kitu fulani kipo kimoja tu katika programu nzima na kila sehemu inaweza kukifikia. Akaunti akazijengea Faktori ya Dhahania, ile yenye kiolesura kimoja juu na viwanda kadhaa chini yake, kila kiwanda kikizalisha familia nzima ya akaunti za kundi fulani la wanachama. Ujumbe wa simu kwa mwanachama, kila mchango unapoingia, akaukabidhi kwa Obzeva, ruwaza ambayo sehemu moja ya programu hujiandikisha ili ipewe habari tukio linapotokea sehemu nyingine. Msimbo wake ulipendeza kuutazama. Kila klasi ilikuwa na jina refu lenye ruwaza mwishoni, kama vyeo kwenye mwaliko wa harusi.

Chama kikafungua tawi la pili Mbagala.

Karani wa Temeke akiwa katikati ya kuingiza michango, mwenzake wa Mbagala anafungua mfumo na kuchagua tawi lake. Seva ni moja, na tawi lililofunguliwa ni moja kwa wote, kwa sababu ndivyo Singletoni ilivyoamriwa. Kuanzia dakika hiyo fedha za Temeke zinaandikwa Mbagala. Hakuna kosa lililoonekana kwenye skrini. Lilijitokeza mhasibu alipofunga mwezi, akakuta tawi moja lina fedha zisizo na wenyewe na lingine lina wenyewe wasio na fedha. Wakati huohuo wanachama walikuwa wanapiga simu kuuliza kama mchango wao umepokelewa mara tatu, maana ujumbe umekuja mara tatu. Kila karani alipofungua ukurasa wa michango, Obzeva mpya ilijiandikisha, na hakuna mahali ilipojiondoa ukurasa ulipofungwa. Chama nacho kikaomba akaunti mpya ya watoto. Kwa kuongeza aina hiyo moja ilimlazimu kubadili kiolesura cha juu na kila kiwanda kilicho chini yake.

Mkubwa wake wa kazi, mama mwenye miaka mingi kwenye fani hii ambaye vijana wote ofisini humwita Dada, alikaa naye jioni moja.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hii Singletoni uliiweka kwa nini?"

"Nilitaka tawi liwe moja tu."

"Nani alikwambia litabaki moja?"

Kijana akanyamaza. Dada akamwomba amwonyeshe alikojifunzia Faktori. Ilikuwa video, na mfano wake ulikuwa wa piza.

"Uliitazama mpaka mwisho?"

"Mara mbili, Dada."

"Walisema wapi kwamba ukitaka kuongeza aina mpya utaumia?"

Hawakusema. Dada akatoa kwenye droo kitabu kilichochakaa mgongo, *Design Patterns*, kazi ya Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, kilichotoka mwishoni mwa 1994. Idadi ya 23 inayokaririwa kote imetoka humo. Kila ruwaza katika kitabu hicho imeelezwa kwa vichwa vilevile, na mchoro na msimbo ni viwili tu kati ya vichwa hivyo. Kabla ya mchoro kuna kisa cha tatizo na maelezo ya mahali ruwaza inapofaa. Baada yake kuna sehemu ya matokeo: utapata nini, utalipa nini. Kwenye Faktori ya Dhahania sehemu hiyo inatamka waziwazi kwamba kuongeza aina mpya ya bidhaa ni kugumu, kwani hulazimu kugusa kiolesura na viwanda vyote. Alichohangaika nacho kijana kwa ajili ya akaunti ya watoto kilikuwa kimechapishwa tangu yeye hajazaliwa.

Watengenezaji wengi wa masomo mafupi huchukua mchoro, huchukua mfano, na huiacha sehemu ya matokeo kwa sababu haina mvuto. Hawadanganyi, bali wanakata kipande ambacho bila hicho vilivyobaki havina kazi. Kwa hiyo mtu akiniuliza somo gani la ruwaza ni zuri, simuulizi kwanza limeandikwa kwa lugha gani ya programu wala lina nyota ngapi. Namwambia atafute mahali ambapo mwandishi anaeleza lini usiitumie. Asipopaona, afunge.

Wazo lenyewe la ruwaza lilizaliwa na tabia ya kuanza na tatizo. Aliyelianzisha hakuwa mtu wa kompyuta. Christopher Alexander, msanifu majengo, pamoja na wenzake walitoa mwaka 1977 kitabu cha ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Kila moja inaanza na tatizo la watu wanaoishi mahali, kisha hoja, ndipo lije jibu. Kent Beck na Ward Cunningham walipolivusha wazo hilo kwenye programu mwaka 1987, walilitumia kupanga skrini za watumiaji kwa Smalltalk, wakiwa na ruwaza tano tu. Tano! Kijana wetu alikuwa nazo 23 na hakuwa na tatizo hata moja la kuziwekea.

Tusikifanye kitabu cha 1994 msahafu, hata hivyo. Mifano yake ni ya C++ na Smalltalk, na anayeanza nacho peke yake huchoka kabla ya sura ya tatu. Tena kwenye Singletoni, sehemu ile ile ya matokeo ninayoisifu inaorodhesha faida tupu. Mtu angeweza kukisoma kwa uaminifu wote na bado akaifanya Mbagala imeze Temeke. Gamma mwenyewe, akihojiwa mwaka 2009, alisema kama wangekipanga upya angependa Singletoni iondolewe. Ndiyo maana chanzo kimoja hakitoshi, hata kikiwa cha mabingwa. Robert Nystrom, katika kitabu chake cha ruwaza za michezo ya kompyuta cha 2014, ambacho unaweza kukisoma bure mtandaoni, ana sura nzima ya Singletoni ambayo karibu yote ni ya kukushawishi uachane nayo. Joshua Kerievsky katika kitabu chake cha 2004 anachukua msimbo mbovu na kuusogeza hatua kwa hatua hadi ruwaza ijitokeze, na mara nyingine anasogea kinyume: zimo hata hatua za kuifuta Singletoni isiyohitajika. *Head First Design Patterns*, cha 2004 vilevile, kina bata na vichekesho, lakini bata wale wameletwa kwanza kama tatizo. Na Peter Norvig alionyesha mwaka 1996 kwamba 16 kati ya zile 23 hurahisika au hutoweka kabisa ukitumia lugha kama Lisp au Dylan. Anayeandika Python leo na kunakili mchoro wa C++ neno kwa neno huenda anabeba mzigo ambao lugha yake ilishamtua.

Dada hakumpa orodha hiyo yote kwa mkupuo. Alimwambia afute kadi za kukariri, asome ruwaza moja tu, ile aliyoumia nayo, na kila atakapotamani kutumia nyingine amwandikie kwanza sentensi moja: tatizo ni lipi. Kurekebisha hesabu za matawi mawili kulikula mwezi, mhasibu akilinganisha stakabadhi moja moja na kijana akiwa pembeni yake.

Baadaye chama kilitaka michango ipokelewe kwa simu. Ilianza M-Pesa, akaandika msimbo wa kawaida. Ikaja Airtel Money, akaongeza sharti moja: ikiwa mtandao ni huu, fanya hivi. Mikono ilimwasha. Akaandika sentensi ya kumpelekea Dada, akaisoma, akaona tatizo bado halipo, akaifuta. Yalipoanza kuingia malipo ya benki, sharti lile lile likajikuta limerudiwa kwenye kukokotoa ada, kwenye stakabadhi na kwenye kurudisha fedha zilizotumwa kimakosa. Hapo sentensi ilijiandika yenyewe. Akakigawa kila chanzo cha malipo katika klasi yake, zote nyuma ya kiolesura kimoja, na ndipo alipofungua kitabu akakuta alichokifanya kinaitwa Strateji. Hakuutazama mchoro. Alikwenda kwenye matokeo, akasoma kwamba anayeita msimbo huo lazima ajue tofauti ya strateji moja na nyingine ili achague, kisha akarudi kuangalia nani katika mfumo wake ndiye anayechagua. Alikuwa ni karani, kwa kubofya. Akahamishia uchaguzi huo kwenye ujumbe wa malipo wenyewe, akajaribu kwa matawi mawili yakiwa wazi kwa pamoja, akampelekea Dada msimbo aukague.