Yesu Aliijua Michezo ya Watoto

Krismasi ikikaribia, kanisani kwetu hakosi mtu wa kusimama na kuwaonya wazazi juu ya Bustani ya Muliro. Siku ya kuzaliwa Bwana, husema, si siku ya bembea. Safari hii aliyesimama ni mzee ninayemheshimu, mtu wa maombi kwelikweli, na tulipotoka nje alinifuata. "Mwalimu," akasema, "wewe umefundisha somo la dini mpaka ukastaafu. Nionyeshe basi mahali Yesu alipocheza." Watu walikuwa wakingoja chai, nikamjibu kwa kifupi. Hapa nataka kumjibu kwa urefu, kwa kuwa swali lake ni la haki, na kwa kuwa hofu yake inawanyima watoto kitu walichopewa na Mungu mwenyewe.

Bustani hiyo iko mjini Kakamega. Jina ni la Masinde Muliro, mwalimu aliyeingia siasa, aliyeanguka na kufa katika uwanja wa ndege wa Nairobi mwezi Agosti 1992 akirejea kutoka London, miezi michache tu kabla ya uchaguzi wa vyama vingi alioupigania. Siku za kazi utawakuta vijana wa chuo wamejilaza nyasini na vitabu vyao, wasafiri wanapumzisha miguu kivulini, mhubiri mmoja au wawili wanapaza sauti. Ikifika sikukuu, iwe Krismasi au Idi, wanaingia wapiga picha, wauza njugu na aiskrimu, wapaka rangi za usoni. Lile jumba la mpira linalojazwa hewa, ambalo mtoto hulipiwa aruke ndani yake, huzungukwa na viatu vidogo pande zote.

Najua kinachomtisha mzee wangu. Miaka ya 2010, picha za wapenzi waliosahau kwamba wako hadharani zilisambaa nchi nzima, na jina la Muliro Gardens likawa la kuchekwa hata na watu wasioijua Kakamega iko wapi. Iliniuma kama ilivyomuuma yeye. Lakini waliokosa walikuwa watu wazima, na sioni kwa nini adhabu imfuate mtoto wa darasa la pili.

Nilimsimamia mjukuu wangu pale Krismasi iliyopita. Alivua viatu, akaingiza soksi ndani yake, kila moja katika kiatu chake, akavipanga karibu na mguu wangu. "Kukhu, usiondoke," akaniambia mimi bibi yake. Kisha akapanda. Huyu ni mtoto ambaye nyumbani hupewa alama kwa kila kitu: kitanda kimetandikwa au la, hesabu zimetoka ngapi, ameshika nafasi gani. Humo ndani hakuwa na wa kumshinda. Aliruka, akageuka hewani, akaanza kucheka kabla hajaanguka. Nilisimama na viatu vyake nikahisi niko mahali pa kuomba, na niliomba.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kuigwa, yamekuja na wageni. Si kweli. Kabla ya majumba ya hewa, sisi Waisukha na ndugu zetu Waidakho tulikuwa na fahali. Alfajiri, umande haujakauka, fahali hutolewa nyumbani akisindikizwa kwa isukuti: ngoma kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swala ikilia juu yake. Uwanjani, kule Khayega, Malinya au Shinyalu, hakuna mtu anayemchoma mnyama mkuki kama wafanyavyo Uhispania. Ni fahali kwa fahali, na mmoja akigeuka kukimbia, yamekwisha, watu wanamkimbilia mshindi kwa nyimbo. Ngoma hiyo ya isukuti UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, na sisi wenyewe tunajua sababu: vijana wanaoijua vizuri wanapungua.

Sitetei kila kitu kwenye mchezo huo. Fahali hakuulizwa. Lakini kuna jambo moja humo ambalo wahubiri wetu wangelitafakari. Akifariki mzee mashuhuri, fahali huletwa kwenye boma lake katika sherehe tunayoiita shilembe. Isukuti hupigwa, watu hukimbia na kuimba palepale penye msiba. Wageni huuliza inawezekanaje watu wacheze mbele ya kifo. Mimi naona ni ungamo la imani, la zamani kuliko misheni. Kifo kimemchukua mtu wetu, tumelia, na bado hatukubali kwamba kimetuachia huzuni peke yake. Mkristo anayeamini ufufuo hapaswi kushangazwa na hilo.

Misheni nayo, kwa upande wetu, ilifika Kaimosi mwaka 1902. Wamisionari wa kanisa la Marafiki kutoka Marekani walituletea Biblia, shule, hospitali na kinu cha kupasulia mbao. Nawashukuru kwa yote. Mimi mwenyewe ni mtoto wa kazi yao. Walifundisha kwamba mkono mvivu ni mkono wa dhambi, na wazazi wetu wakashika. Ngoma ikabaki nje ya mlango wa kanisa. Wengine walifuata njia nyingine: Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh mwaka 1942, na mpaka leo Jumapili utawakuta waumini wake barabarani, kanzu nyeupe, ngoma mbele. Sisi tuliobaki tulirithi wazo kwamba Mungu hukaa upande wa jembe na daftari, na kwamba mchezo, ukiruhusiwa, uruhusiwe kwa dakika chache ili mtu arudi kazini akiwa na nguvu.

Hata wanatheolojia wakubwa wamesema hivyo. Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliandika kwamba kutocheza kabisa na kuwachosha wenzako kwa ukavu wako ni kasoro ya tabia. Nampenda kwa hilo. Lakini hoja yake anaiegemeza kwenye kisa cha Mtume Yohana, aliyelaumiwa kwa kucheza na wanafunzi wake, akamwuliza mpiga mishale kama angeweza kuvuta upinde bila kupumzika, akajibiwa kwamba upinde ungevunjika. Kisa ni kizuri, ila upinde hulegezwa ili uvutwe tena. Mchezo unabaki mtumishi wa kazi, na mtumishi hufukuzwa kazi ikizidi. Ndivyo tunavyofanya shuleni mitihani ikikaribia: kipindi cha michezo ndicho cha kwanza kuchukuliwa.

Maandiko yanaenda mbali zaidi. Zaburi ya 104 inapohesabu kazi za Mungu inafika baharini, kwa yule mnyama mkubwa Lewiathani, na kusema aliumbwa acheze humo. Hapewi kazi nyingine yoyote. Nenda Msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu au Isecheno, utazame watoto wa mbega wakivutana mikia na kurushana matawini wakati wazazi wao wanakula majani, halafu uniambie ni nani aliyewafundisha. Na nabii Zekaria, katika sura ya nane, anapoeleza Yerusalemu itakavyokuwa Bwana akirejea, anawaonyesha wazee, wanaume kwa wanawake, wameketi njiani, kila mmoja na mkongojo wake, na barabara zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Hapo hakuna anayecheza ili arudi kazini. Kucheza kwa watoto ndiyo alama kwamba wokovu umefika. Mimi nina mkongojo tayari. Ninachokosa ni barabara salama yenye watoto.

Sasa nirudi kwa swali lenyewe. Yesu alisema kizazi chake kinafanana na watoto waliokaa sokoni, wanaowalalamikia wenzao: tumewapigia filimbi hamkucheza, tumewaombolezea hamkulia. Mzee wangu, ili mtu aseme hivyo, lazima awe amesimama sokoni akawatazama watoto mpaka akajua michezo yao: wa harusi, wa matanga, na ugomvi wao wa nani amekataa kushiriki. Na anaowashutumu katika mfano ule ni wale walioitwa kucheza wakakataa.

Mwenzangu tuliyefundisha naye, Mwislamu wa Mumias, aliwahi kunisimulia habari za Hanzala, sahaba wa Mtume. Hanzala alilia akidhani amekuwa mnafiki, kwa kuwa mbele ya Mtume aliiona Pepo kama kwa macho, lakini akifika nyumbani kwa mke na watoto alisahau mengi. Mtume alimtuliza: kama wangedumu katika hali ile moja, malaika wangewapa mikono njiani, lakini kuna saa hii na saa ile. Nimelibeba jambo hilo miaka mingi. Saa ya watoto haikuitwa saa ya shetani.

Kama kuna mchezo wa kukemewa kwenye mimbari, upo, na hauko kwenye bembea. Ni kamari, iliyoingia mpaka kwenye simu za vijana wetu na hata pembeni mwa uwanja wa fahali. Mcheza kamari hachezi. Anafanya kazi mbaya kuliko zote, isiyo na mshahara, na hawezi kucheka mpaka matokeo yatoke. Siku ile alipokuwa akiruka, mjukuu wangu hakutaka kupata chochote, na ndiyo sababu alikuwa huru.

Kuna dhambi ya pili, na hii ni yetu sote. Pembeni ya lile jumba la hewa ilikuwepo kamba, na nyuma ya kamba walisimama watoto ambao hawakuwa na wa kuwalipia. Msichana mmoja alikuwa amembeba mdogo wake mgongoni. Kila waliokuwa ndani waliporuka, naye aliinua visigino kidogo, akavishusha. Nililipa wakaingia yeye na mdogo wake, lakini nyuma yao kulikuwa na wengine, na mfuko wangu una mwisho. Tukimwambia yule msichana kwamba mchezo ni dhambi, tumemdanganya. Tukimwambia ni haki ya mwenye pesa, tumemfundisha jambo baya zaidi juu ya Mungu kuliko lolote litakalotokea kwenye bustani.

Kwa hiyo naomba, na nawaomba kwanza wazee wa kanisa langu. Tuna uwanja wa nyasi, miti mikubwa, choo na maji. Jumapili saa nane lango linafungwa kwa kufuli mpaka wiki inayofuata. Lifungueni. Fungeni bembea kwenye ule mti wa upande wa jikoni, mafundi tunao. Tuleteni isukuti, wazee wanaoijua wawafundishe watoto wakiwa bado wana nguvu. Akina mama tutakaa zamu, mimi nikiwa wa kwanza, na mtoto yeyote wa mtaa aingie bila kulipa, awe wa dini yetu au ya wengine. Na serikali ya kaunti, Krismasi ijayo, itenge kona moja ya Bustani ya Muliro isiyo na kamba.