Moto, Pamba na Kitufe

Je, ni moto unaounguza pamba? Hapa Chato, Tanzania, swali hilo litaonekana la mtu asiye na kazi. Kila baada ya mavuno tunang'oa miti ya pamba, tunairundika shambani na kuichoma, ili funza wa vitumba wasipate pa kujificha hadi msimu ujao. Sijamwona mkulima akisimama mbele ya rundo hilo na kujiuliza anayeunguza ni nani. Lakini Imamu Abu Hamid al-Ghazali aliliuliza kwa dhati mwaka 1095, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, na mfano aliouchagua ni huohuo wa moto na pamba. Hoja yake ni kwamba macho yetu yanaona mambo mawili yanayofuatana: moto unagusa, pamba inaungua. Kwamba pamba imeungua ilipoguswa, hilo tumelishuhudia. Kwamba imeungua kwa nguvu ya moto wenyewe, hilo hakuna aliyelishuhudia. Kwake mtendaji ni Mungu, na moto hauna lake.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa pamba. Hoja hiyo niliisikia ujanani kwa ustadhi wangu wa madrasa, nikaiheshimu bila kuielewa. Nimekuja kuielewa katika umri wa kuvaa miwani, nilipoanza kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti zinazoitika mtu anapozigusa.

Haja yangu ilikuwa ndogo. Nilitaka ukurasa wa kufungua kwenye simu ambao ukiujaza kilo za pamba safi na kilo za fifi, yaani pamba ya daraja la chini, unakupa fedha anayostahili mkulima. Kijana mmoja mwenye steshenari karibu na stendi alikubali kunionyesha pa kuanzia. "Weka kitufe kwanza, mzee wangu," akasema. Kwa HTML, lugha ya kuandikia kurasa, kitufe ni mstari mmoja tu. Kikatokea, kimeandikwa Kokotoa. Nikakibonyeza; kimya. Nikabonyeza tena, yule kijana akacheka: "Hicho bado hakijaambiwa kitu."

Kumbe kitufe ni picha. Kinachokipa kazi ni mistari mingine, iliyoandikwa kwa JavaScript, isemayo: hiki kikibonyezwa, soma kilo, zidisha na bei, onyesha jibu. Ifute mistari hiyo, kitufe kitabaki na sura yake ileile na hakitafanya lolote. Ibadilishe, na kitufe kilekile cha Kokotoa kitafuta hesabu zote. Mkulima anayekigusa anaona mambo mawili yanayofuatana, kidole na jibu, na akiapa kwamba kitufe ndicho kinachokokotoa, utamlaumu kwa lipi? Hajawahi kuona kimoja bila kingine. Mimi nimeona, kwa sababu nimekaa upande wa pili wa kioo.

Hata hesabu yenyewe inaweza kukutoa imani. Kila anayeanza hukutana na jambo hili: ukiuambia ukurasa ujumlishe kilo 40 za pamba safi na kilo 12 za fifi, unakujibu 4012. Kilichoandikwa na mtu ndani ya kisanduku huhesabiwa kuwa maandishi mpaka wewe useme ni namba, na maandishi kwa maandishi huunganishwa, mwisho wa haya na mwanzo wa yale. Ni desturi ya JavaScript, lugha iliyotungwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa takriban siku kumi. Lugha ya Python, ukiipa maandishi ujumlishe na namba, inakataa. Kumbe kanuni ya dunia nzima ya kurasa ingeweza kuwa nyingine; imekuwa hivi kwa kuwa mtu aliamua hivi. Ghazali alilisema hilo kuhusu dunia hii tunayoikanyaga: moto na kuungua vinaandamana kwa desturi aliyoiweka Muumba, na angependa vingeachana.

Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, hakuikubali hoja hiyo. Alijibu kwamba anayekanusha sababu za vitu anaikanusha elimu, kwa maana kujua kitu ni kujua kinatenda nini na kwa nini. Nami karani siwezi kumpuuza. Kama hakuna kinachosababisha kingine, nitaamini vipi mizani kesho asubuhi? Ghazali aliliona pingamizi hilo kabla yake, akasema Mungu ametuumbia pia ujuzi kwamba desturi Yake haivunjiki ovyo. Hakuna aliyeacha kitabu nyumbani akarudi na hofu kwamba kimegeuka farasi.

Kwa uzoefu wangu mdogo, ugomvi wa wazee hawa si mpana kama unavyodhaniwa. Jibu lisipotokea, nazima mstari mmoja, nabonyeza. Naurudisha, nazima unaofuata, nabonyeza tena. Kwa njia hiyo najua kwa hakika kipi kinategemea kipi, na hakuna hatua inayonilazimisha kusema kitufe kina nguvu zake. Elimu aliyoitetea Ibn Rushd inapatikana, na kitufe kinabaki fukara kama alivyotaka Ghazali. Ila mimi naweza kuifungua mistari nikaisoma, na mistari ya dunia sijafunguliwa. Chini ya mstari wangu mwenyewe kuna kivinjari, chini ya kivinjari kuna mashine, chini ya mashine kuna umeme, na huko sijafika.

Huku kwetu swali la kipi kinasababisha kipi si la kupitishia jioni. Katika Kanda ya Ziwa wameuawa bibi zetu kwa tuhuma za uchawi, kwa sababu ya macho mekundu: mtoto wa jirani kaugua, bibi ana macho mekundu, basi mambo mawili yamefuatana na hukumu imekwisha, ingawa wekundu ule ni wa miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Wapo wachimbaji na wavuvi walioaminishwa na wapiga ramli kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta dhahabu na samaki. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli. Mwezi uliofuata, katika wilaya hii yetu ya Chato, mtoto mdogo mwenye ualbino alinyakuliwa kwa mama yake, akauawa.

Mpiga ramli hana pa kupita kwa hawa wanazuoni wawili. Ibn Rushd atamdai ushahidi: nionyeshe duara, shimo la machimbo, lililotoa dhahabu kwa mfupa na duara lililotoa bila mfupa, zima hiki, washa kile, tuone. Ghazali atamuuliza swali zito zaidi: ikiwa hata moto, ambao tumeuona ukigusa pamba mara zisizohesabika, hauna nguvu juu ya pamba, mfupa umeipata wapi nguvu juu ya dhahabu? Na muuaji asijifiche nyuma ya neno kwamba kila kitendo ni cha Mungu. Wanazuoni wa Kiash'ari, ambao Ghazali ni wao, walisema Mungu huumba kitendo na mja hukichuma, na alichokichuma ni mzigo wake. Mfupa haukuua mtu. Watu waliua.

Ndiyo maana siku hizi sentensi moja ya maofisini inanikera kuliko zamani: "Mfumo umekataa." Umesafiri toka Bwanga, umepanga foleni, na unaambiwa mfumo umekataa, kana kwamba mfumo una moyo. Mfumo haukatai. Kuna mtu aliandika kwamba mambo yakiwa hivi, jibu liwe hapana; na kuna mtu mwingine aliyekubali kutouliza kwa nini. Kitu kimefanywa mtendaji ili watu wawili wapumzike.

Kwenye ukurasa wangu nimeonyesha kilo, bei na makato, kila kimoja na mstari wake, na chini nimeandika jina la aliyeutengeneza. Mayu (mama) mmoja aliyeleta pamba aliitazama simu, akanitazama mimi. "Mashine ndiyo imesema hivyo?" Nikamjibu, "Hapana, mayu. Nimesema mimi, yenyewe inarudia." Akasema basi tupige hesabu tena kwa kalamu. Tulipiga, na wenye haraka walilalamika. Jibu likawa lilelile, lakini haki yake ya kuuliza haikutegemea jibu: mahali alipo mtendaji lazima apatikane wa kuulizwa, na aliyeandika mistari hana ruhusa ya kukituma kitufe kimjibie.