Ugonjwa Usiopona, Mgonjwa Asiyeachwa



Wapenzi wa tamthilia za anga za juu mnaijua Star Trek. Kuna sehemu yake moja ya mwaka 1992 inaitwa "Ethics". Worf, askari wa meli, anaumia uti wa mgongo na kupooza miguu. Kwa mila za kwao, bora ajiue. Anatokea daktari mtafiti mwenye tiba ambayo haijawahi kujaribiwa kwa mtu. Daktari wa meli, Beverly Crusher, anapinga. Mwishowe upasuaji unafanyika na Worf anapona. Sasa kama amepona, kosa liko wapi?

Tusisahau kwamba kabla ya hapo, mtafiti huyohuyo alimpa majeruhi mwingine dawa ya majaribio wakati tiba ya kawaida ilikuwepo. Yule alikufa. Kupona kwa Worf hakumfufui. Matokeo mazuri hayafanyi njia mbaya iwe nzuri.

Hili si la kwenye runinga tu. Mwaka 2011 nchi nzima iliimba Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 kijijini Samunge: UKIMWI, kisukari, saratani, vyote kikombe kimoja. Foleni ya magari ilikwenda kilomita nyingi. Wapo waliotolewa wodini kupelekwa huko, wengine wakafia njiani.

Waliokwenda walisema, "Sina cha kupoteza." Hapa falsafa inatusaidia kidogo: sentensi hiyo ni ya uongo. Mwenye VVU akiacha dawa, anapoteza miaka. Mwenye saratani anapoteza dawa ya maumivu, ada ya watoto, na siku za kukaa na watu wake. Ugonjwa kutopona haina maana kwamba maisha yameisha thamani.

Lakini jamani, tusiwacheke. Wengi walikuwa wamechoka kuambiwa "hatuna la kufanya, mrudisheni nyumbani." Kule Samunge angalau kuna mtu aliwapokea, tajiri na maskini kikombe kilekile. Tunapomwacha mgonjwa peke yake, tusishangae akimfuata yeyote anayemwita.

Ndiyo maana mwaka 2020 Kanisa, katika barua Samaritanus Bonus, lilikumbusha kwamba asiyeweza kuponywa bado anaweza kutunzwa, na ana haki hiyo. Hatulazimiki kung'ang'ania kila mashine na kila dawa inayotesa bure. Ila kumtelekeza mtu, au kumuua eti kwa huruma, hapana. Hapa kwetu Temeke tuna mfano: PASADA ya Jimbo Kuu, Chang'ombe, ilianza mwaka 1992, wakati dawa za kufubaza virusi hazijawafikia wagonjwa wetu. Hakukuwa na tiba, lakini huduma ilikuwepo.

Kijana wa Chanika, kwenye jumuiya yako yupo mgonjwa wa muda mrefu. Usimpelekee ujumbe wa WhatsApp wa mti unaotibu magonjwa arobaini. Nenda mwenyewe. Muulize kama amekunywa dawa zake. Mfulie, mchotee maji, mwite padre kwa Mpako wa Wagonjwa. Halafu kaa. Bikira Maria hakuweza kumshusha Mwanae msalabani, lakini hakuondoka.

Bwana Yesu, tufundishe kubaki. Amina.