Njia ya Mwongo

Je, mtu akisema uongo juu ya jambo lisilo na faida yoyote, na hakuna aliyepoteza hata senti moja, amemkosea nani? Swali hili, ndugu msomaji, sikulipata vitabuni. Nililipata nyumbani kwangu Suma, mbele ya runinga ya zamani, nikicheza gemu na mtoto wa dada yangu ambaye tunaishi naye.

Gemu yenyewe ni Super Mario Bros., iliyotolewa Japani mwaka 1985. Mtu mfupi mwenye masharubu hukimbia, huruka mashimo na kukanyaga maadui mpaka amwokoe binti mfalme. Wako watu duniani ambao shabaha yao si kuimaliza tu, bali kuimaliza upesi kuliko mtu mwingine yeyote. Mwaka 2021 Mmarekani ajiitaye Niftski alikuwa wa kwanza kuimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55.

Sisi nasi tulijaribu kwa kiasi chetu. Mvua ya Rungwe ikianza haikuachi utoke, na saa ya simu ilitutosha kupimia muda. Mwanzoni tulipita dakika 10. Kisha tukaijua njia. Katika dunia ya kwanza, hatua ya pili, ukipita juu ya dari unayafikia mabomba yanayokupeleka moja kwa moja dunia ya nne. Huko nako, katika hatua ya pili, umefichwa mmea unaokupandisha hadi kwenye bomba la dunia ya nane. Hatua 32 zinabaki 8. Je, huo ni udanganyifu? La hasha! Njia hiyo iliwekwa na waliotengeneza gemu, na kila aijuaye anaruhusiwa kuipita.

Baada ya hapo hakuna siri tena, ni kurudia tu. Tuligundua kwamba muda mwingi haupotei katika kukimbia, bali katika kusita: kidole kinaachia kitufe mbele ya shimo ambalo umekwisha kuliruka mara mia. Kila mmoja aliandika muda wake katika daftari moja.

Usiku mmoja wa Januari, kijana akiwa amelala, nilimaliza kwa dakika 6 na sekunde 48. Nikaandika 6 na 12. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ananikaribia, na mjomba mtu hapendi kufikiwa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miezi saba. Siku ya Pasaka kijana alifika 6 na 40. Aliitazama namba yake, akaitazama yangu, akazima runinga bila kusema neno. Mwezi Juni alifika 6 na 29. Siku hiyo aliniambia, “Mjomba, nadhani mkono wangu ni mzito.” Nami nikamjibu kwamba aongeze bidii!

Baadaye nikasoma habari za gemu nyingine ya zamani, Dragster, ya mashindano ya magari. Mwaka 1982 mchezaji mmoja wa Marekani alitambuliwa kuwa ameimaliza kwa sekunde 5.51. Wengine walifika 5.57, wakakwama hapo. Mwaka 2018 Twin Galaxies, chombo kitunzacho rekodi za gemu, kiliifuta rekodi ile, baada ya uchambuzi wa programu ya gemu kuonyesha kwamba 5.57 ndiyo mwisho wa yote. Waliokwama walikuwa wamekwisha kufika, ila ile namba iliyokuwa juu yao iliwaambia kwamba wamebaki nyuma.

Niliposoma hayo nilifunika simu, nikanyamaza. Huku tunakochuma chai, ubaya wa mizani ya uongo haufundishwi darasani. Mkulima anayepunjwa kilo zake huujua uzito wa kikapu alichobeba mgongoni, na hasira yake humtetea. Lakini anayepewa kipimo cha uongo cha uwezo wake hana hasira ya kumtetea. Anajishuku mwenyewe, na kadiri anavyojitahidi kwa uaminifu ndivyo anavyozidi kujidharau. Kumbe uongo wangu usio na faida ulikuwa na aliyeulipia.

Jioni moja ya Agosti nilimweleza yote. Nilitazamia anikasirikie. Hakukasirika. Alilifungua daftari, akarudi nyuma kurasa kadhaa mpaka kwenye ile ya Pasaka.

“Kumbe nilikuwa nimekushinda siku hii, mjomba,” alisema.

Nikamjibu kwamba ni kweli. Akaendelea kuitazama namba yake ya 6 na 40, kama mtu anayejaribu kuifurahia. Lakini furaha ya Pasaka ina siku yake, na mimi ndiye niliyeiondoa siku hiyo. Nikaikata namba yangu kwa kalamu, nikaandika juu yake ile ya kweli. Kile nilichokichukua kwake, hakuna kalamu ya kukirudisha.