Mkono Usitangulie Jicho

Mjukuu wangu, kaa hapa mlangoni, juu ya mawe yetu ya Igogo, unisikilize. Nimeambiwa umeanza zamu za usiku wodini. Nimefurahi, lakini moyo wangu hautulii.

Naijua wodi ya watoto malaria inapopamba moto. Wagonjwa wawili kitanda kimoja, mama analia, nawe uko peke yako na trei ya sindano. Hapo ndipo mkono hutaka kulitangulia jicho. Nakusihi, usiuruhusu.

Tazama artesuneti. Kichupa ni kilekile cha miligramu 60, lakini ukikichanganya kwa ajili ya mshipa, kila mililita hubeba miligramu 10. Kwa ajili ya msuli, hubeba 20. Ukisahau umekichanganya kwa ajili ya kipi, mtoto atapata nusu ya dawa, au mara mbili yake. Tena aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, si 2.4 kama wakubwa. Basi mpime, mwanangu. Macho hayana mawe ya mizani.

Enzi za kwinini nilifanya kazi na kijana hodari kuliko sisi sote. Dripu ya muda wa saa nne aliifungulia iende mbio, apate kupumzika. Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Ya pili vilevile. Ya tatu, mtoto alilegea mikononi mwa mama yake, na hakuamka tena.

Yule kijana aliacha kazi. Akikutana na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, huvuka barabara.

Njia ya mkato ya wodini haikuumi siku ya kwanza, kwanza inakuzoesha. Ndiyo maana naiogopa.

Potasiamu isiyochanganywa usiisukume mshipani kamwe, mjukuu wangu, kamwe, inasimamisha moyo. Na mama wa kifafa cha mimba, kabla hujamwongezea magnesiamu, gonga goti lake, hesabu pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, angalia mkojo. Kalsiamu ya kumwokoa iwe karibu, si kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu aliyelala.

Na mwandiko wa daktari usiposomeka, mwamshe. Atakasirika. Mwache akasirike, mwanangu, nakuomba.

Kesho ukitoka zamu, pitia hapa kabla ya kulala. Nitakuwa macho. Uniambie ni kichupa kipi ulikisoma mara mbili.